Bunduki Haina Akili ila ya Mwenyewe: Maisha ya Bass Reeves

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha isimu miaka kadha iliyopita, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara mwenye kujiweza. Baada ya kuamkiana na kujuliana hali, alinitolea ombi ambalo sikulitarajia. Majambazi walikuwa wamekwisha kumvamia mara mbili njiani akirejea nyumbani usiku, na sasa alikusudia kuomba leseni ya kumiliki bastola. Alitaka nimwandikie barua ya kushuhudia kwamba yeye ni mtu mwenye tabia njema na busara. Kwa maoni yake, mwalimu wake wa zamani hangekosa kumpa kijikaratasi cha namna hiyo.

Sikumnyima, wala sikumpa siku hiyo. Nilimwomba anipe muda nifikiri. Na katika kufikiri huko, mawazo yangu yalinichukua mbali sana na ofisi yangu, hadi Marekani ya karne ya 19, kwa mtu mmoja aliyebeba silaha kila siku kwa zaidi ya miaka 30 mahali ambapo wenzake waliuawa kwa makumi. Mtu huyo ni Bass Reeves. Vitabu na filamu zimemvumisha kama mpiga shabaha asiyekosa. Mimi naona kwamba sifa hiyo ndiyo ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Reeves alizaliwa mwaka 1838 katika jimbo la Arkansas, akiwa mtumwa, mtoto wa watumwa. Jina la Reeves lilikuwa la bwana aliyemmiliki, William Reeves, aliyekuwa mwanasiasa. Baadaye ukoo huo ulihamia Texas, naye Bass akahamishwa nao kama mifugo inavyohamishwa. Alipopata umri wa kijana alifanywa mtumishi wa George Reeves, mwana wa bwana huyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, George alikwenda kupigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyotaka utumwa udumu, naye Bass akachukuliwa kumtumikia vitani.

Masimulizi yaliyohifadhiwa na jamaa zake yanaeleza kwamba siku moja wawili hao waligombana wakicheza karata, mtumwa akampiga bwana, kisha akatoroka kwa kuwa adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifo. Liwe lilivyokuwa, lililo wazi ni kwamba alitorokea katika nchi iliyoitwa wakati huo Eneo la Wahindi Wekundu, ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Huko aliishi miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani, hasa Wacherokee, Waseminole na Wacreek, akajifunza mila zao, njia zao za porini na lugha zao. Kicreek alikimudu vyema. Utumwa ulipopigwa marufuku nchini humo mwaka 1865, alirudi Arkansas akiwa mtu huru, akanunua shamba karibu na mji wa Van Buren, akaoa na kulea familia kubwa.

Angeweza kufa mkulima asiyejulikana. Lakini mwaka 1875 jaji mpya, Isaac Parker, aliwasili katika mji wa Fort Smith kuongoza mahakama ya serikali kuu ambayo mamlaka yake yalienea hadi Eneo la Wahindi Wekundu lote, nchi yenye ukubwa wa takriban maili za mraba 74,000. Mahakama za makabila hazikuwa na uwezo wa kuwahukumu wageni, na kwa sababu hiyo kila mwizi wa farasi na kila muuaji aliyekimbia majimbo jirani alijificha huko. Ikaamuliwa waajiriwe manaibu wapatao 200 wa marshali wa serikali kuu ili wawatafute wahalifu hao. Aliyeijua nchi hiyo na kusema na wenyeji kwa lugha zao alikuwa lulu, na ndivyo Bass Reeves alivyopewa nishani, mmoja wa watu weusi wa kwanza kushika wadhifa huo magharibi ya mto Mississippi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Naibu alitoka Fort Smith na gari la kukokotwa na farasi, mpishi, msaidizi mmoja au wawili, na bunda la hati za kukamata watu. Alizunguka porini kwa majuma mengi, akirudi na kundi la washukiwa waliofungwa minyororo. Hakuwa na mshahara wa mwezi. Alilipwa kwa kila mtu aliyemfikisha mahakamani na kwa kila maili aliyosafiri. Mtuhumiwa akiuawa, naibu alipoteza malipo yake, na pengine gharama ya mazishi ilimwangukia yeye. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na hekima moja kubwa: maiti haikuwa na faida kwa mwenye bunduki. Aliyetaka kula jasho lake alipaswa kumleta mtu akiwa hai.

Reeves hakujua kusoma wala kuandika, kwa kuwa utumwa ulimnyima elimu hiyo. Kabla ya kufunga safari aliomba asomewe hati zote, moja baada ya nyingine, akakariri jina la mtuhumiwa, kosa lake, na sura ya maandishi yaliyokuwa kwenye kila karatasi. Alipomkuta mtu porini alichomoa hati inayohusika bila kubabaika. Inasimuliwa kwamba hakuwahi kutoa hati isiyokuwa yake. Sisi tunaofundisha lugha hupenda kuamini kwamba uangalifu ni mtoto wa kusoma. Huyu hapa mtu asiyejua herufi hata moja, ambaye hakumgusa mtu kabla ya kuhakikisha kwamba ndiye.

Kuhusu silaha, alikuwa nazo za kutosha: bastola mbili aina ya Colt na bunduki ndefu aina ya Winchester. Alizitumia kwa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na husemwa kwamba katika mashindano ya shabaha alikatazwa kushiriki kwa kuwa wengine hawakuona maana ya kushindana naye. Pamoja na hayo, silaha aliyoitumia zaidi ilikuwa hila. Kisa kimoja kinachosimuliwa sana ni cha ndugu wawili waliokuwa wakisakwa, waliojificha nyumbani kwa mama yao. Reeves aliwaacha wasaidizi wake mbali, akavaa matambara, viatu vilivyochakaa na kofia iliyotobolewa kwa risasi, akatembea kwa miguu maili 28 hadi kwenye nyumba hiyo. Akamlilia mama mtu kwamba yeye naye ni mkimbizi anayewindwa na askari. Akapewa chakula, na usiku akalala chumba kimoja na hao ndugu wawili. Walipopitiwa na usingizi akawatia pingu, na asubuhi akawaongoza kwa miguu hadi kambini. Hakuna risasi iliyolia.

Ni kweli kwamba si kila safari ilimalizika hivyo. Mwaka 1883 msimamizi mmoja wa ranchi, Jim Webb, alimuua mhubiri mweusi ambaye moto aliouwasha shambani mwake ulikuwa umevuka mpaka na kuingia malishoni. Reeves na msaidizi wake walifika ranchini wakijifanya wachunga ng'ombe wasafiri wanaotaka staftahi. Webb aliwashuku, akakaa karibu nao na bastola mkononi. Alipogeuza uso kwa nukta chache, Reeves alimrukia akamkaba koo kwa mkono mmoja na kumwelekezea bastola kwa mkono wa pili. Mwenzake Webb akaanza kumfyatulia Reeves risasi, naye Reeves akamjibu na kumjeruhi jeraha lililomuua baadaye. Webb mwenyewe hakupigwa risasi, ijapokuwa koo lake lilikuwa mkononi mwa Reeves na bastola ilikuwa usoni mwake. Alipelekwa Fort Smith akiwa hai.

Baada ya karibu mwaka mmoja Webb alipata dhamana, akatoroka. Mwaka 1884 Reeves alimpata tena, karibu na duka moja kusini mwa Eneo hilo. Safari hii Webb alipanda farasi akakimbia, kisha akageuka na kushambulia. Risasi moja iliparuza tandiko la Reeves, nyingine ikakata kifungo cha koti lake, nyingine ikakata hatamu za farasi mkononi mwake. Hapo ndipo Reeves aliposhuka, akainua Winchester yake na kumwangusha. Yasemekana kwamba kabla ya kukata roho Webb alimpa Reeves bastola yake mwenyewe kama zawadi, kwa kumheshimu. Msomaji atazame mpangilio wa mambo haya. Kwanza alitumia hila, pili akatumia mikono. Risasi ilikuja mwisho, wakati ambapo aliyekuwa mbele yake alikuwa amekwisha kumfungia milango mingine yote.

Mwaka 1901 Reeves aliwaeleza watu kwamba katika miaka yake ya kazi alikuwa amekamata watu zaidi ya 3,000. Idadi ya watu waliokufa kwa mkono wake hutajwa kuwa 14, ingawa wengine huiongeza. Hata tukichukua hesabu hizo kwa tahadhari, maana yake ni kwamba kwa kila mtu mmoja aliyekufa, zaidi ya 200 walifikishwa mbele ya jaji wakiwa hai. Na hiyo ni nchi ambayo manaibu zaidi ya 60 waliuawa katika enzi ya Parker.

Laiti ningeishia hapa, makala haya yangekuwa ya kumsifu shujaa tu, na shujaa asiye na doa hana la kutufundisha. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 1884, miezi michache tu kabla ya kisa cha pili cha Webb, Reeves alikuwa kambini usiku na watu wake. Bunduki yake ilikuwa na risasi iliyokwama ndani. Kwa mujibu wa maelezo yake, alikuwa akijaribu kuitoa risasi hiyo kwa kisu bunduki ilipofyatuka, ikampiga mpishi wake, William Leech, shingoni. Alituma aitwe daktari, lakini mpishi alikufa.

Palikuwa na mashahidi walioeleza mambo tofauti: kwamba mpishi na Reeves walikuwa wamegombana kwa sababu ya mbwa aliyemwagiwa mafuta ya moto, na kwamba risasi haikuwa ajali. Mwaka 1886 Reeves alivuliwa nishani, akakamatwa kwa shtaka la mauaji, akatiwa katika jela ileile ya Fort Smith aliyokuwa akiijaza kwa mikono yake. Alikaa humo miezi kadha kabla ya kupata dhamana. Mwaka 1887 alisimama kizimbani mbele ya jaji Parker, aliyekuwa amemletea wafungwa kwa zaidi ya miaka kumi. Baraza la raia walioapishwa lilisikiliza pande zote mbili likamwachilia huru. Lakini akiba yake yote ilikwisha kwa kuwalipa mawakili, na nyumba yake ikauzwa.

Tuyatafakari mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba, tukiyakubali maelezo yake mwenyewe kama lilivyoyakubali baraza lile, mtu aliyekuwa bingwa wa silaha kuliko wote waliomzunguka alimuua mtu asiye adui kwa sababu mdomo wa bunduki yenye risasi ulielekea mahali palipokaa mwanadamu. Ustadi wa shabaha haukumfaa kitu. Majambazi wenye silaha hawakufanikiwa kumkosesha utulivu, lakini risasi moja iliyokwama, kando ya moto wa kambi, baada ya kutwa ya uchovu, ilitosha. La pili ni kwamba hakukimbia. Aliijua kila njia ya Eneo lile na kila pango lake, na wenyeji wangemficha. Hata hivyo alisimama akajibu, akalipa kwa mali yake na kwa heshima yake, kisha akarudi kazini.

Mahakama hiyo ya Fort Smith ndiyo pia iliyozaa mabishano makubwa ya kisheria kuhusu mtu anayejihami. Jaji Parker alikuwa na msimamo mkali: aliyeweza kuepa na asiepe, akaua, hakuwa na udhuru. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpinga mara kadha. Mwaka 1894, katika kesi ya kijana aitwaye Gourko, iliamua kwamba mtu aliyetishwa akabeba silaha ili ajikinge hawezi kuhesabiwa muuaji wa kukusudia kwa sababu tu ya kuibeba. Mwaka 1895, katika kesi ya Beard, iliamua kwamba mtu aliyevamiwa kwenye ardhi yake mwenyewe, naye si mchokozi, halazimiki kukimbia. Wanasheria wanaendelea kubishana juu ya hukumu hizo mpaka leo. Hata hivyo, hata majaji waliomlegezea mwenye silaha hawakumwondolea swali la msingi: je, hatari ilikuwepo kweli, na je, mtu mwenye akili timamu angeiona hivyo? Sheria inaweza kukuruhusu usimame. Haikusaidii kuamua, katika nukta moja ya giza na hofu, kama kivuli kilicho mbele yako ni jambazi au ni jirani aliyelewa.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulimfikia Reeves uzeeni. Mwaka 1902, alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Muskogee, mwanawe Bennie alimpiga risasi mkewe mwenyewe akamuua kwa sababu ya wivu. Hati ya kumkamata ikatolewa. Ilikaa mezani kwa marshali, manaibu wakiikwepa, maana nani angependa kwenda kumkamata, au kumuua, mtoto wa Bass Reeves? Mzee alikwenda mwenyewe akaitaka hati hiyo. Akaondoka, akampata mwanawe, akarudi naye akiwa hai na kumkabidhi kwa wakubwa wake. Bennie alihukumiwa kifungo cha maisha katika gereza la Leavenworth, jimboni Kansas, ingawa miaka mingi baadaye alifunguliwa.

Wahenga wetu walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sidhani kwamba Reeves hakulia. Lakini alikuwa ameapa kwamba sheria ni msumeno, na msumeno ulikuwa umemkata yeye mwenyewe mwaka 1886. Angemkwepesha mwanawe kwa haki gani? Na zaidi ya hayo, pengine alijua kwamba yeye ndiye pekee ambaye angeweza kumleta kijana huyo bila risasi ya pili kufyatuliwa.

Mwaka 1907 Oklahoma ilifanywa jimbo kamili, na kazi ya manaibu wa aina yake ikamalizika. Sheria ya kwanza iliyopitishwa na bunge la jimbo hilo jipya iliwatenga watu weusi katika magari ya moshi. Hiyo ndiyo shukrani aliyoipata mtu aliyeilinda nchi hiyo kwa miaka 32. Reeves, mwenye umri wa karibu miaka 70, aliingia katika polisi wa mji wa Muskogee, akapiga doria kwa miguu, mkongojo mkononi. Aliugua figo, akafariki tarehe 12 Januari 1910. Kaburi lake halijulikani lilipo. Sanamu yake, akiwa juu ya farasi, ilisimamishwa Fort Smith mwaka 2012, zaidi ya karne moja baadaye.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inaitaka mamlaka ya kutoa leseni iridhike kwamba mwombaji ana sababu nzuri ya kuwa na silaha, na kwamba kumpa silaha hiyo hakutahatarisha usalama wa umma wala amani. Sababu nzuri kijana huyu anayo, wala siwezi kumbeza mtu aliyewekewa bastola kichwani mara mbili. Sharti la pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa ndilo nililoombwa kulitolea ushahidi.

Ninamjua kuwa mwaminifu. Hakuwahi kuiba mtihani, na deni lake hulipa. Lakini namjua pia kuwa mwepesi wa hasira. Alipokuwa mwaka wa pili alimzaba kofi mwenzake mbele ya darasa zima kwa sababu ya neno la utani, na baadaye akamwomba radhi huku akilia. Kofi huombewa radhi. Risasi haiombewi. Na bastola ikiwa kiunoni haingoji mwenyewe afikie umri wa utulivu. Humkuta vile alivyo siku hiyo, awe amechoka, amelewa, ameogopa au ametukanwa.

Walimu wenzangu, sisi huombwa barua kama hizi kila mwaka, za kazi, za masomo, na sasa za silaha, na mara nyingi hutia sahihi kwa kuoneana haya. Tunasahau kwamba sahihi hiyo ni kiapo. Nanyi wanafunzi, mnaopenda kuona katika sinema jinsi bastola inavyochomolewa upesi, kumbukeni kwamba Bass Reeves alisifika kwa upesi wa mkono, lakini maisha yake marefu aliyapata kwa uzito wa mkono huohuo.

Barua niliiandika. Niliweka ndani yake uaminifu wake, majambazi waliomvamia, na kofi lile, kisha nikamwita aisome kabla sijaitia sahihi. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Hakukasirika, na hilo lilinipa moyo. Alisema angependa kuendelea kufikiri, akaniaga kwa adabu kama zamani, akaiacha barua mezani pangu. Bado ipo hapo, na siku atakapoitaka nitaitia sahihi kama ilivyo, bila kuongeza neno wala kupunguza.